Kiti cha Gari na Neva ya Siatiki: Anzia Pale Panapouma

Kuna kipindi nilikuwa naendesha kwenda Iringa karibu kila baada ya wiki mbili, na nilijua maumivu yatanikuta wapi. Kutoka Dar hadi Mlandizi, kimya. Chalinze, tako la kushoto linaanza kupata joto. Morogoro, joto limeshuka nyuma ya paja. Nikiingia Mikumi nilikuwa nimeshaegemea mlango, nikitafuta namna ya kutoa uzito upande ule. Nilinunua mto wa kukalia. Nikanunua wa pili. Wa tatu ulikuwa wa bei kubwa kuliko yote, na ndio ulionitesa kuliko yote.

Nilikuwa nanunua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Sikuwahi kujiuliza maumivu yanaanzia wapi hasa, na yanaanza baada ya dakika ngapi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayokuonyesha sehemu ya kiti yenye kosa.

Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini. Mizizi yake inatoka kwenye pingili za chini za kiuno na mfupa ulio chini yake, inaungana, inapita ndani ya tako chini ya msuli mdogo uitwao piriformisi, inashuka nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika kuelekea unyayoni. Kwa hiyo kiti kinaweza kuichokoza sehemu tatu: kiunoni, takoni, na chini ya paja. Kila sehemu ina namna yake ya kulalamika. Wengi wetu chanzo ni diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, iliyochomoza kiunoni, mara nyingi kati ya pingili mbili za mwisho au pale pingili ya mwisho inapokutana na mfupa wa chini. Kiti hakikuleta diski hiyo, lakini kinaweza kuiacha itulie au kuichokoza saa sita mfululizo.

Kabla ya kugusa kiti

Kuna dalili ambazo si za fundi wala za mto. Ukipata ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, yaani pale mwili unapogusa tandiko mtu akipanda baiskeli; mkojo ukigoma kutoka, au mkojo au choo kikitoka bila wewe kujua; miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Neva za chini ya uti wa mgongo zinabanwa, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kupona vizuri.

Mguu ukianza kuburuza, ukashindwa kuinua vidole vyake juu, acha usukani kwanza. Ukiwa wa kulia, huo ndio mguu unaoutegemea kushika breki. Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yanahitaji vipimo pia, kwa sababu kifua kikuu hushambulia hata pingili za mgongo. Vilevile maumivu yaliyoanza baada ya ajali au kuanguka, na ya mtu aliyewahi kutibiwa saratani.

Tena, angalia dawa ulizopewa. Tramadoli, pregabalini, gabapentini na amitriptilini zinaweza kuleta usingizi. Muulize aliyekuandikia kama unaruhusiwa kuendesha, na umuulize kabla ya safari.

Kama hayo hayakuhusu, twende kwenye gari.

Tako moja linawaka ndani ya dakika kumi

Maumivu yanayokuja haraka hivi, upande mmoja na mahali palepale, mara nyingi yanatokana na mgandamizo wa moja kwa moja. Kuna kitu kigumu kinakugusa, au umekaa upande.

Anza na mfuko wa nyuma wa suruali. Waleti iliyojaa kadi, risiti na vitambulisho inainua nyonga moja na kukandamiza tako pale neva inapopita. Nimemwona dereva wa teksi aliyepata nafuu kubwa kwa kuhamishia waleti yake kwenye droo ya gari tu. Simu na funguo ni hivyohivyo. Jaribio hili halina gharama, nalo ndilo la kwanza.

Mifuko ikiwa mitupu na bado unaungua, chunguza kikalio chenyewe. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kumi au zaidi, na kiti cha dereva kimekaliwa kuliko vingine vyote. Egesha mahali tambarare. Laza ubao mnyoofu kwenye kikalio, kutoka upande wa mlango kwenda upande wa katikati, kisha weka pima maji juu yake. Huna pima maji? Chupa ya maji iliyojaa nusu, ikilazwa juu ya ubao, itakuonyesha maji yanaelekea wapi. Halafu kandamiza kwa ngumi kushoto na kulia, ukilinganisha na kiti cha abiria. Ngumi ikizama upande mmoja hadi kugusa kitu kigumu, umepata jibu.

Kwangu jibu lilikuwa hilo. Fundi wa viti alivua kava, akainua sponji, akaniita: "Bosi, njoo uone. Huku kushoto unakalia chuma." Springi moja ya upande wa kushoto ilikuwa imechomoka kwenye ndoano yake, na sponji iliyokuwa juu yake imeliwa hadi ikabaki nyembamba kama chapati. Mito mitatu niliyonunua ilikuwa inazama kwenye shimo lilelile.

Matengenezo ya namna hiyo si makubwa: springi inarudishwa au kubadilishwa, kunawekwa kitambaa kigumu ili springi isikate sponji, halafu sponji mpya. Hapo kwenye sponji usikubali kuharakishwa. Sponji laini ya godoro inaleta raha siku ya kwanza, na baada ya miezi michache unakalia chuma tena. Taka sponji nzito. Chukua vipande viwili vyenye ukubwa sawa, kimoja kila mkono, na uzito wenyewe utakuambia. Fundi asikuwekee nyingi kupita kiasi pia, maana ukiinuliwa sana kichwa kinakaribia paa na mkanda unahama kutoka kwenye mifupa ya nyonga kwenda tumboni.

Jambo moja la usalama ambalo si mafundi wote wanalijali: nyaya na plagi za njano chini ya kiti ni za mifuko ya hewa (airbag) au mikanda. Betri ichomolewe na isubiriwe dakika kadhaa kabla kiti hakijafunguliwa, na fundi asiwashe swichi ya gari plagi hizo zikiwa wazi. Kama ubavu wa kiti una maandishi ya mfuko wa hewa, usishonewe kava linaloufunika kabisa, kwa sababu siku ya ajali hautapata njia ya kutokea.

Mwanzo safi, kisha baada ya nusu saa kiuno kinachoka na mguu unafuata

Haya ni maumivu ya mkao, na ndiyo yanayowapata wengi. Unapokaa vizuri, sehemu ya chini ya mgongo ina mbonyeo wa kuingia ndani. Kiti kisichouegemeza kinaacha nyonga ijiviringe kwenda nyuma, mbonyeo unageuka kuwa kibyongo, na diski inasukumwa kuelekea nyuma, kuliko na mizizi ya neva. Inachukua dakika ishirini, thelathini, ndipo mwili unapochoka kuvumilia.

Jaribu hivi. Chukua kanga, ikunje, kisha iviringe iwe na unene wa sentimita tatu hivi. Kaa, sukuma makalio hadi mwisho wa kiti pasibaki nafasi, halafu weka kanga juu kidogo ya mstari wa mkanda wa suruali. Ifunge kwa kamba kwenye nguzo za kiegemeo cha kichwa ili isiporomoke. Endesha dakika ishirini njia unayoizoea. Maumivu yakitoka mguuni na kurudi juu kuelekea kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma kidogo, wataalamu wa fiziotherapia huichukulia hiyo kuwa ishara njema. Yakishuka zaidi mguuni, kanga ni nene mno, iko chini mno, au mgongo wako hauitaki.

Hilo la mwisho linasahaulika sana, na limeumiza watu. Si kila mgongo unapenda kusukumwa kwa mbele. Watu wenye umri mkubwa ambao mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba huwa wanapata nafuu wakiinama na wanaumia wakijinyoosha. Unamfahamu mtu wa namna hiyo: kutembea mita mia mbili kunamshinda, lakini akiegemea toroli la sokoni anaenda. Ukimwekea mzee huyo mto mnene wa kiunoni kwa sababu ulikusaidia wewe, unambana zaidi. Mto wangu wa tatu, ule wa bei kubwa, ulikuwa na nundu kubwa lililosimama juu mno, karibu na mbavu. Ulinisukuma mabega mbele na kuacha kiuno wazi.

Kiegemeo chenyewe kisiwe wima kama ukuta, wala kisilale kama cha kijana anayejionyesha. Kilaze kidogo tu kupita wima, nyuzi 100 hadi 110 kutoka kwenye kikalio. Ukilaza zaidi, shingo inajikunja kufuata barabara na makalio yanaanza kuteleza mbele. Makava ya reksini na yale ya shanga yanaongeza kuteleza huko. Mimi niliyatoa yote nikabaki na kitambaa.

Namna ya kujikamata: ukishakaa vizuri, rekebisha kioo cha ndani kikae sawasawa na macho yako. Baada ya saa moja ukiona kioo kama kimehama, usikiguse. Wewe ndiye uliyeporomoka.

Nyuma ya paja kunakufa ganzi

Ingiza vidole kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti. Vikiingia viwili au vitatu, sawa. Visipoingia, kikalio ni kirefu kwako na kinakata pale. Hili linawasumbua sana watu wafupi, na akina dada wanaoendesha magari makubwa ya familia. Kiegemeo kikiletwa mbele kwa mto mwembamba wa mgongo mzima, nafasi inapatikana. Kwa watu warefu kwenye magari madogo shida ni kinyume: kikalio ni kifupi na kiko chini, magoti yanakaa juu kuliko nyonga, na uzito wote unaangukia makalioni. Inua kiti kama kina kishikio cha kuinulia. Kama hakina, mto wa kabari, mnene nyuma na mwembamba mbele, unasaidia kulifuta shimo na kuleta nyonga usawa wa magoti au juu kidogo. Mto wa duara wenye tundu katikati umetengenezewa shida nyingine. Kwa siatika, yaani maumivu ya neva hii, unaweza hata kuongeza mgandamizo pembeni.

Mguu wa klachi, mguu wa mafuta

Ukiumia mguu wa kushoto kila unapobadili gia na ukiwa kwenye foleni, tatizo linaweza kuwa umbali. Kukanyaga klachi huku mguu ukinyooka ni kama kuvuta kamba iliyokwishabanwa mwisho mmoja: neva inavutika kutoka kiunoni hadi kisiginoni. Sogeza kiti mbele mpaka, klachi ikiwa imezama kabisa, goti bado limekunja. Wakati huohuo acha angalau sentimita 25 kati ya kifua na usukani, kwa ajili ya mfuko wa hewa. Klachi iliyokuwa laini ikawa nzito ni kazi ya fundi gari. Na kwa mwenye siatika upande wa kushoto anayeishi na foleni za mjini, nasema bila kupepesa macho: gari la otomatiki litamsaidia kuliko mto wowote.

Mguu wa kulia ni habari nyingine. Huo unashikilia mafuta saa nzima bila kubadilika, mara nyingi umegeuzwa kwa nje, na msuli wa takoni unakaza. Weka kisigino sakafuni mbele ya breki, uzungushe unyayo tu kwenda kwenye mafuta. Usiendeshe na ndala, kwa sababu vidole vinafanya kazi ya kuishikilia na ukazaji unapanda hadi takoni. Kisha tazama chini: katika baadhi ya magari madogo, nafasi ya tairi la mbele imeingia upande wa kulia wa miguu na pedali zimesogezwa kushoto. Unakaa ukielekea barabarani lakini miguu inaelekea redioni. Kosa hilo halina fundi. Ni la kuligundua kabla hujanunua.

Kila tuta ni msumari wa moto

Hapa watu hulaumu kiti wakati mkosaji yuko chini yake. Mwili wa mtu aliyekaa unaitikia zaidi mtikisiko wa wima wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Hapo mgongo unatikisika kuliko kiti chenyewe, na magari kwenye barabara mbovu hutoa mtikisiko wa kiwango hichohicho. Anza na upepo wa matairi. Kibandiko cha kipimo sahihi kwa kawaida kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, na si ajabu kukuta gari limejazwa kupita hapo kwa sababu mjaza upepo anajaza magari yote sawasawa. Kandamiza kona ya gari kisha achia: likiendelea kudunda zaidi ya mara moja au mbili, shokapu zimechoka. Angalia kama zinavuja mafuta, na bushi kama zimepasuka. Springi ngumu zilizofungwa ili gari libebe mzigo zitakutesa kila siku likiwa tupu.

Unaendesha vizuri, unaumia ukishuka

Kushuka kwa mguu mmoja nje na mwili ukibaki ndani kunasokota kiuno kilichokaa kimya saa nzima. Rudisha kiti nyuma, geuka mzima mzima mpaka miguu yote miwili iwe nje, kanyaga chini, halafu inuka ukisukuma kwa mikono. Mfuko laini wa plastiki juu ya kikalio hurahisisha kugeuka, ila uutoe kabla ya kuondoka. Usifungue buti na kubeba gunia papo hapo. Tembea kwanza dakika chache.

Umerekebisha yote na bado

Basi tatizo ni muda. Hakuna kiti kinachoufanya mgongo wenye diski ukae saa nne bila kusimama. Mimi husimama kila dakika 45 hadi 60, natembea dakika tano. Vituo vyangu vikubwa ni Chalinze, Msamvu pale Morogoro, Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, na Ilula. Safari ya Iringa imeongezeka kama dakika arobaini, na nikifika naweza kuinama kuvua viatu.

Kama wewe ni abiria wa basi, usikubali viti vya nyuma. Juu ya tairi za nyuma na nyuma yake ndiko basi linakorusha watu zaidi. Katikati, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, kumetulia. Chagua siti ya upande wa njia ili uweze kusimama. Kata tiketi mapema kwa sababu hiyo.

Ukienda kununua gari

Dakika mbili kwenye yadi hazitoshi. Kiti laini kama kochi kinapendeza dakika ya tano na kinaanza kudai dakika ya ishirini na tano. Omba kulikalia nusu saa, na upite kipande chenye matuta. Vaa viatu unavyoendeshea. Jaribu kiti kinapanda na kushuka, usukani unashuka na, ikiwezekana, unavutika kuja kwako, ili usilazimike kuinama kuufuata. Mikono ikinyooshwa, vifundo vya mikono vifike juu ya usukani huku mabega hayajaachana na kiegemeo. Tafuta kishikio cha nundu la kiunoni ubavuni mwa kiegemeo. Mlango uwe na kimo kinachokuruhusu kuteleza ndani. Gari la chini sana linakukunja na gari la juu sana linakurarua.

Muuzaji mmoja alinishangaa: "Kaka, hujafungua hata boneti, umekaa tu." Nikamwambia nitafungua baadaye. Baada ya dakika ishirini na tano tako la kushoto lilianza kupata joto, nikamshukuru, nikashuka. Gari nililonunua mwezi uliofuata lilikuwa na rangi niliyoichukia, kilomita nyingi zaidi, na viti vya kitambaa vilivyofubaa. Joto lile linanikuta sasa baada ya Mikumi, siku nyingine halinikuti kabisa. Kanga bado imefungwa kwenye kiegemeo, na Chalinze bado nasimama.